Kupanda bluberi kwenye baridi kali: anza na udongo, mche utafuata

Miche yangu mitatu ya kwanza ya bluberi ilikufa Julai. Haikufa Januari, theluji ikiwa inafika magotini. Ilikufa Julai, jua lipo na mvua ipo. Nilikuwa nimeichimbia mashimo kama mtu anayepanda nyanya: samadi iliyoiva, konzi mbili za majivu ya kuni, na maji ya bomba kila jioni. Kufikia wiki ya sita majani yalikuwa manjano matupu, mishipa peke yake ndiyo imebaki kijani. Nikailaumu baridi ya Aprili. Baridi ilikuwa haina hatia.

Bluberi, kichaka cha matunda madogo ya bluu, ni mwenyeji wa baridi. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na kwa muda mrefu watu walikuwa wakiichuma porini tu, kwa sababu kila mche waliouhamishia bustanini ulidhoofika. Mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mmea huu unataka udongo wenye tindikali, kinyume kabisa na udongo tunaousifu kwa mboga. Baadaye akaona jambo jingine: vichaka alivyovihifadhi kwenye nyumba ya vioo yenye joto msimu mzima wa baridi vilibaki vimelala, ilhali vilivyoachwa nje vikapigwa na baridi viliamka na kuchipua vizuri. Aina nyingi za kaskazini huhitaji kama saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo ziamke sawasawa. Ukiwa Minnesota (Marekani), Manitoba (Kanada) au Ufini, baridi hiyo unayo ya kutosha na ya kumgawia jirani. Kilichobaki ni udongo, na ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa chini ni za udongo tu.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kununua chochote

Bluberi hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikishuka, tindikali inazidi), ikiwa kati ya 4.5 na 5. Hadi 5.5 huvumilia. Bustani nyingi za nyumbani ziko 6 hadi 7.5, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana kila namba moja ya pH ni mara kumi. Udongo wa 6.5 una tindikali pungufu mara mia ukilinganishwa na wa 4.5.

Mizizi ya bluberi ni myembamba kama nywele na haina vile vinyweleo vinavyoisaidia mimea mingine kunyonya. Hutegemea kuvu wanaoishi ndani ya mizizi yenyewe, nao kuvu hao hupenda udongo mchachu. Isitoshe, pH ikipanda, madini ya chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mmea hauwezi kuyachukua hata yakiwa tele. Hapo ndipo majani yanakuwa manjano yenye mishipa ya kijani. Ukiona dalili hiyo, usikimbilie kununua dawa ya chuma. Chuma kipo, ila mlango umefungwa.

Chukua udongo sehemu tano au sita za eneo unalotaka kupanda, kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo safi na upeleke sampuli maabara ya udongo. Vile vijiti viwili vya chuma vinavyochomekwa ardhini na kuonyesha pH kwa mshale, mimi sikuamini kimojawapo tena: changu kilisoma 7 kwenye udongo, kwenye siki, na hewani.

Jaribio moja la nyumbani lina maana, nalo ni la kujua kama udongo wako una chokaa ya asili. Twaa kijiko cha udongo mkavu, utie siki nyeupe matone machache, kisha sogeza sikio. Ukisikia mchemko kama soda iliyofunguliwa, eneo hilo achana nalo. Chokaa itakuwa inameza tindikali yako kila mwaka na hutaishinda. Panda kwenye tuta la juu lililozungushiwa mbao na kujazwa udongo wa kutengeneza, au kwenye vyungu vikubwa.

Hatua ya 2: Teremsha pH, na uwe na subira ya mwaka

Dawa ya kazi hii ni unga wa salfa. Kutoka pH 6 kwenda 4.5, udongo wa kichanga huhitaji takriban gramu 60 kwa mita moja ya mraba. Tifutifu huhitaji karibu gramu 170. Mfinyanzi hula nyingi zaidi, na kwa kuwa mfinyanzi hutuamisha maji pia, mimi ningenyanyua tuta la sentimita 25 au 30 nikaacha kushindana nao.

Nyunyiza salfa, ichanganye na udongo wa juu wa sentimita 15 hadi 20, kisha usubiri. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongo ndio wanaoibadili, na bakteria hawa hufanya kazi ardhi ikiwa na joto na unyevu. Udongo ukiganda, nao hulala. Kwa hiyo anayemwaga salfa Oktoba na kupanda Aprili hajangoja miezi sita, amengoja wiki chache tu. Mwaga mwishoni mwa majira ya kuchipua, pima tena mwaka unaofuata, ndipo upande. Najua si habari njema kwa mtu aliyekwisha kuona picha za vichaka vilivyosheheni.

Salfeti ya alumini hufanya kazi haraka na madukani hawaachi kuisifu, lakini alumini ikizidi huunguza mizizi. Machicha ya kahawa iliyokwisha kutengenezwa hayasaidii kama watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya uchachu imekwenda na kinywaji. Siki nayo hushusha pH kwa siku chache, kisha mambo hurudi yalivyokuwa.

Kitu kinachosaidia kweli pamoja na salfa ni piti, ile mboji ya rangi ya kahawia ya vinamasi vya kaskazini, inayouzwa katika marobota yaliyoshindiliwa. Ina pH ya 3.5 hadi 4.5 hivi, hushika maji na huruhusu hewa. Ila usiimwage shimoni ikiwa kavu. Piti kavu hukataa maji: ukimwagia, maji hutembea juu yake kama juu ya manyoya ya bata, na mche utakaa katikati ya mpira mkavu huku wewe ukidhani umemwagilia. Itie kwenye toroli, mwaga maji ya uvuguvugu, uikande kwa mikono kama unga wa mkate. Ukishika konzi na kukamua, matone mawili matatu yakidondoka, iko tayari. Changanya nusu piti, nusu udongo wako.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa baridi ya kwako

Bluberi ndefu, zile za mita moja na nusu hadi mbili, ndizo zinazojaza maduka makubwa. Sehemu nyingi za kaskazini kabisa vilele vyake hufa kila msimu wa baridi. Bluberi fupi za porini huvumilia baridi mno, lakini tunda lake ni dogo. Kati ya hizo mbili wataalamu walipandanisha wakapata aina za kimo cha kati, na hizo ndizo za kuanza nazo.

Chuo Kikuu cha Minnesota kimetoa nyingi: Northblue na Northsky mwaka 1983, Northcountry mwaka 1986, St. Cloud mwaka 1990, Polaris na Chippewa mwaka 1996. Northsky haipiti goti, theluji huifunika yote, na kwa mahali penye baridi mbaya kabisa ndiyo ningeanza nayo. Northblue huzaa matunda makubwa, ya bluu iliyokolea, yenye uchachu kidogo; nzuri kwa jemu. Polaris ina harufu nzuri na huwahi kuiva, ila haizai vizuri ikiwa peke yake. Chippewa ni tamu zaidi kwa kula mkononi. Mwenye baridi ya wastani anaweza kujaribu Northland au Patriot, ambazo nazo hustahimili baridi vizuri.

Panda angalau aina mbili tofauti zinazochanua wakati mmoja. Kichaka kimoja hujichavusha kiasi, lakini kikipata chavua ya aina nyingine matunda huwa makubwa na mengi. Na ukiwa Ulaya Kaskazini, usichanganye hizi na zile bluberi za msituni ambazo watu huchuma kwa ndoo. Ile ya msituni ina nyama nyeusi inayopaka ulimi rangi. Hii ya bustani ndani ni nyeupe yenye ukijani.

Nunua mche wa miaka miwili au mitatu. Wa mwaka mmoja ni rahisi kwa bei na ghali kwa machozi.

Hatua ya 4: Panda

Mahali pawe na jua saa 6 au zaidi kwa siku, na pasiwe bondeni, kwa sababu hewa baridi hutiririka kama maji na kutuama mahali pa chini. Jalidi ya mwisho wa Mei hupiga kwanza huko. Ukuta au ua upande wa upepo ni faida mara mbili: hupunguza upepo unaokausha matawi, na theluji hujikusanya nyuma yake.

Panda mapema majira ya kuchipua, mara udongo unapoacha kuganda na kuchimbika. Shimo liwe na upana wa sentimita 50 na kina cha 35 hivi. Upana ndio muhimu, kwa kuwa mizizi hutambaa juu juu, karibu yote ndani ya sentimita 30 za kwanza.

Mche ukiutoa kwenye chombo chake, utakuta mizizi imejisokota na kushikana kama zulia la kahawia. Hapa wengi huogopa na kuutumbukiza hivyo hivyo. Usiogope. Pasua kitako chake kwa kisu kwa alama ya msalaba, kisha ingiza vidole gumba katikati na kuichambua mizizi ikae nje kama pindo la shuka. Nimewahi kung'oa mche uliokufa baada ya miaka miwili nikakuta umbo la chombo cha dukani bado limo, hakuna hata mzizi mmoja uliotoka.

Upande kina kilekile ulichokuwa nacho, au sentimita 2 zaidi. Nafasi kati ya aina za kimo cha kati ni sentimita 90 hadi 120. Zile ndefu mita 1.5. Mbolea shimoni usitie. Samadi usitie, majivu usitie, chokaa usiikaribishe hata ng'ambo ya tuta.

Mwagilia, kisha tandaza matandazo ya sentimita 8 hadi 10: magome ya msonobari, vipande vya mbao, au majani ya msonobari yaliyoanguka. Unga wa mbao unafaa pia, ila unapooza hula naitrojeni, kwa hiyo mmea utahitaji mbolea zaidi kidogo. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina.

Hatua ya 5: Maji na mbolea

Mizizi ya juu juu ina maana ya kiu ya haraka. Kila wiki isiyo na mvua, mpe maji ya kina cha sentimita 2.5 hadi 5, yaani lita 25 hadi 50 kwa mita ya mraba, kwa mara mbili au tatu. Fukua matandazo, ingiza kidole: pakiwa na ubaridi wenye unyevu, subiri; pakiwa pavuguvugu na pakavu, mwagilia.

Ukiona ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, maji yako ya bomba yana chokaa, na kila ndoo inapandisha pH uliyohangaika kuishusha. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Maji ya bomba ndilo kosa langu la tatu, baada ya samadi na majivu, na ndilo nililochelewa kulitambua.

Kwa mbolea, tumia salfeti ya amonia, ile ambayo wakulima huita SA. Bluberi hupenda naitrojeni ya amonia na haipendi ya naitreti, kwa hiyo CAN, ambayo ina naitreti na chokaa pia, si yake. Mche mchanga mpe kijiko kimoja cha mezani matumba yanapofumuka, na kingine wiki sita baadaye, ukisambaza mbali na shina na kumwagilia. Mwaka wa kupanda, subiri mwezi mzima ndipo umpe hicho cha kwanza. Ongeza taratibu kadiri kichaka kinavyokua. Mwanzo wa Julai ukipita, funga mfuko. Mbolea ya Agosti huleta machipukizi mabichi ambayo hayatakomaa kabla ya baridi.

Hatua ya 6: Maua na ndege

Mwaka wa kwanza nyofoa maua yote, na mwaka wa pili ikiwezekana. Inauma, ila nguvu iende kwenye mizizi.

Ua lililofunguka hufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri au karibu na hapo. Utabiri ukitaja jalidi, funika kwa shuka jioni na ufunue asubuhi, ili nyuki wakubwa wenye manyoya, ambao hufanya kazi hata siku ya baridi na mawingu, waweze kuingia. Wao hutikisa ua kwa mtetemo wa misuli yao hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hawawezi ufundi huo.

Matunda yakianza kubadilika rangi, ndege watajua kabla yako. Vuta wavu juu ya fremu, usiulaze juu ya matawi, na chini uubane kwa mbao. Wavu uliolegea hunasa ndege.

Hatua ya 7: Vuna kwa kidole gumba

Tunda la bluu si lazima liwe limeiva. Baada ya kugeuka bluu lote, liache siku 3 hadi 7. Tazama pale lilipoungana na kikonyo: pakiwa na pete ya wekundu, bado. Lililoiva ukilisukuma kwa kidole gumba hudondoka kiganjani lenyewe, linalong'ang'ania, liachie. Kichaka kimoja huiva kwa wiki kadhaa, kwa hiyo pita kila siku tatu au nne.

Usichelewe zaidi ya hapo. Kuna nzi mdogo mwenye asili ya Asia, Drosophila suzukii, ambaye jike wake ana msumeno wa kupasulia tunda zima na kutaga ndani. Okota yaliyoanguka, na uliyovuna yatie kwenye friji mara moja. Usiyaoshe hadi wakati wa kula, ule unga mweupe juu yake ni nta inayoyahifadhi. Ya kugandisha yatandaze kwenye sinia yakiwa makavu, yagande moja moja, ndipo uyatie mfukoni.

Tegemea vikombe vichache mwaka wa tatu. Kichaka cha kimo cha kati kilichokomaa, miaka 6 hadi 8, hutoa kilo 1 hadi 3.

Hatua ya 8: Majira ya baridi

Matumba ya maua ya mwakani hutengenezwa mwishoni mwa kiangazi, yakakaa nchani mwa matawi baridi yote. Ndiyo maana unaweza kupata kichaka hai, chenye majani mazuri, kisicho na tunda hata moja. Matumba yaliyokuwa juu ya theluji yalikufa, na utaona mstari kabisa: chini maua, juu kavu.

Theluji basi ni blanketi, na haina gharama. Ukisafisha njia, rundika theluji juu ya vichaka kwa upole, ile laini, isiwe ya mabonge yenye chumvi ya barabarani. Mahali penye theluji haba, laza matawi ya misonobari ardhi ikishaganda. Endelea kumwagilia hadi karibu na kuganda, kwa sababu mmea huingia baridi ukiwa na maji uliyoupa Oktoba.

Kabla ya theluji ya kwanza, zungushia waya wa matundu ya milimita 6, uliofukiwa sentimita chache ardhini. Panya wa nyasi huchimba njia chini ya theluji na kutafuna magome, na sungura hukata matawi kwa mshazari, safi kama kwa kisu. Waya upite kimo cha theluji unayotarajia, maana sungura husimama juu yake.

Kwa walio na vyungu: mizizi haivumilii baridi kama matawi. Kwenye chungu kilichoachwa barazani hugandishwa pande zote. Kizike chungu ardhini hadi ukingoni, au kiingize banda au gereji isiyo na joto na ukimwagilie kikombe mara moja moja. Sebuleni usikilete, kumbuka vile vichaka vya Coville.

Hatua ya 9: Pogolea Machi

Miaka mitatu ya kwanza ondoa tu kilichokufa au kuvunjika. Kuanzia wa nne, mwishoni mwa baridi, kata chini kabisa shina moja au mawili yaliyo mazee zaidi: ya kijivu, yenye gome linalobanduka, umri wa miaka 6 na kuendelea. Ondoa vijiti vyembamba vinavyolala ardhini.

Kabla ya kukata vilele, angalia matumba. Yaliyonenepa ni ya maua, membamba yenye ncha ni ya majani. Lichukue moja nono, ulipasue katikati kwa wembe. Ndani utaona vidoto vya kijani kama mbegu za tini: huo ni uhai. Vikiwa kahawia au vyeusi, limekufa. Pasua kumi kutoka sehemu mbalimbali za kichaka na uhesabu. Kila tumba hubeba maua 5 hadi 10, kwa hiyo hata ukikuta manne kati ya kumi yamekufa, bado andaa wavu.